Kabla Hujapanda Gari la Laurenti

Anjela mwanangu,

Salamu za kukuuliza hali sitaziandika. Umelala upande wa pili wa pazia, na kwa jinsi unavyokoroma najua u mzima. Mimi nami ni mzima, ila kuna jambo limenikaa kooni zaidi ya mwaka, na kesho unaondoka.

Habari za mabegi na vyeti tulizimaliza mchana. Mama mwenye nyumba naye amekupa maelezo yake yote ya tangawizi na maji ya moto, kwa Kichina na kwa mikono, hata asiye na masikio angemwelewa. Kwa hiyo hapa hutakuta habari ya kula wala ya kufua. Hapa kuna habari ya Laurenti.

Ukitoka mlangoni pale uwanja wa ndege wa Dar, Laurenti atakuwa amesimama anakusubiri. Atakupokea begi, atakuita "binti yangu" kama kawaida yake, na gari lake litakuwa safi. Kwake amekutengea chumba, karibu kabisa na chuo, utakwenda darasani kwa miguu. Ni yeye aliyehangaikia nafasi yako, ni yeye aliyekufundisha kuandika insha mpaka ukaacha kuanza kila sentensi na "hivyo basi". Unampenda, na una sababu za kumpenda. Ninachokuomba ni kimoja: soma barua hii kabla hujapanda gari hilo. Ukishaisoma, panda au usipande. Nimekupa uhai, siwezi kukupa na uamuzi.

Unajua kwamba mama yako mdogo Sofia alikamatwa hapa Guangzhou, kwenye majengo ya nguo ya Guangyuan Xilu, na kurudishwa nyumbani. Zaidi ya hapo unajua kile watu walichosema: kwamba mimi ndiye niliyekuwa zamu, na nikachelewa kuwatahadharisha. Nilikuacha uamini hivyo. Niliona ni afadhali ufikiri mama yako ni mzembe kuliko ujue mwalimu wako ni mtu wa namna gani, maana mwalimu ulikuwa unamhitaji.

Ngoja nianzie nyuma kidogo, zile Jumapili za machalari.

Laurenti alipokuja kwangu mara ya kwanza wewe ulikuwa bado Moshi kwa bibi yako. Alikuwa mwanafunzi wa udaktari wa vitabu, mwembamba, koti lake limemzidi. Alisikia kuna mama wa Kichagga hapa Sanyuanli anayepika machalari ya ndizi na nyama, akapanda ghorofa saba bila lifti. Nikamwuliza anasomea nini. Akasema, "Nasomea wajumbe wa baraza la juu la bunge la Ayalandi, katikati ya vita vikuu viwili."

Nikamwongezea nyama. Niliona mtu anayesomea kitu kama hicho atakuwa na njaa maisha yake yote.

"Mchagga," nikamwambia, "unalipiwa na Wachina, usome habari za Wazungu. Umeona wapi?"

"Mama, ufadhili ni kama lifti ya njiani. Humwulizi dereva anapenda muziki gani."

Nilimpenda kwa jibu hilo. Unanijua, mtu akinichekesha nimeshamfungulia mlango na kabati. Mimi ni wa darasa la saba. Kiingereza nilikiokota kwenye magazeti ya kufungia mitumba, Kichina nimekiokota kwenye televisheni ya mama mwenye nyumba. Hakuna aliyewahi kukaa mezani kwangu akanieleza kitu kana kwamba nitakielewa. Laurenti alinieleza. Kila Jumapili, nikikata ndizi, yeye ananisimulia wajumbe wake.

Nchi ile, alisema, ilikuwa imetoka tu mikononi mwa Mwingereza, na papo hapo wakaanza kupigana wao kwa wao. Wakubwa wapya wakaunda bunge la nyumba mbili. Ya chini watu waliipigia kura. Ya juu, nusu ya wajumbe wake waliteuliwa na mkuu wa serikali: wenye mashamba makubwa, madaktari, mtunga mashairi, wanawake wachache, na watu wa dhehebu dogo ambao jana yake tu walikuwa upande wa Mwingereza. Hao walipewa viti ili wasiogope.

"Na nguvu yao ilikuwa ipi?" nikauliza.

"Kuchelewesha. Sheria ikitoka chini na wao hawaitaki, wanaweza kuishikilia kwa muda. Kisha inapita."

"Kama mama mkwe."

"Kama mama mkwe asiye na funguo za nyumba," akasema, na tukacheka mpaka sufuria ikaungua.

Lakini kuna siku aliniambia jambo ambalo halikunichekesha. Wale waliokuwa wakipigana na serikali walianza kuchoma nyumba za wajumbe. Mtu hakufanya kosa lolote ila kukubali kiti, basi. Anarudi anakuta vitabu vya babu yake ni majivu, piano ni waya. Na kikao kinachofuata wengine wao walikuwemo, wamekaa pale pale. Niliacha kuosha vyombo. Padri aliyenibatiza mimi alitoka nchi hiyo, na hakuwahi kutuambia habari kama hiyo. Yeye alituambia tusicheke kanisani. Miaka ikapita, nyumba ya chini ikachoka kucheleweshwa, ikaifuta ile ya juu kabla ya vita vikuu vya pili. Swali la Laurenti, lile alilolisomea miaka yote hiyo, lilikuwa: kwa nini walikubali kuwa wajumbe?

"Kwa sababu waliombwa," nikamjibu.

Akaandika jibu langu. Nilijiona profesa.

Sasa, ulipokuja wewe, ulikuta chama chetu cha Watanzania kina nyumba mbili, ukacheka. Ulikuwa wa kwanza kucheka na ungesikilizwa tungepona. Huo ndio mwaka wa michezo mikubwa ya mataifa, visa zimekuwa ngumu, na askari wameanza kupita Sanyuanli wakiuliza pasipoti kama makonda wanaouliza tiketi. Wafanyabiashara wakubwa, wenye makontena na karatasi zote, walikuwa na hofu moja. Wadogo walikuwa na hofu nyingine. Kila mkutano ulikuwa ugomvi. Laurenti akatuandikia katiba. Baraza la Chini litachaguliwa na watu, litakutana mgahawani. Baraza la Juu litateuliwa na mwenyekiti, Mzee Kileo wa mizigo, kutoka kwa watu wazima wenye visa safi. Na litakutana kwangu, ghorofa ya saba. Laurenti akawa katibu wa nyumba zote mbili.

Mimi nikateuliwa. Mwanamke, mfanyabiashara wa katikati, Mkatoliki kati ya Walutheri: kila walichohitaji kuonyesha, walikuwa nacho ndani ya mtu mmoja, na anapika. Siku ya kuapishwa nilinunua miwani pale Guangyuan Xilu. Macho yangu hayana ugonjwa wowote, wewe unajua. Nilitaka tu nionekane kama mtu anayesoma vifungu. Watu wakaanza kuniita Mheshimiwa, kwanza kwa utani, halafu utani ukaisha na jina likabaki, na mimi sikumwambia mtu aache.

Sofia peke yake aliendelea na utani. Akirudi kutoka kushona Kangle, nyuzi zimemganda kwenye nywele, anasimama hapo mlangoni: "Haya Mheshimiwa, leo mmechelewesha nini?"

"Tumechelewesha chakula chako," namjibu.

"Basi hiyo ndiyo sheria ya kwanza itakayoleta vita."

Nilimleta mimi huku, Anjela. Alikuwa na mikono ya dhahabu. Vile viwanda vya uani kule Kangle vilimgombea kwa kushona sampuli, maana akiangalia gauni mara moja tu ameshalijua lilivyokatwa. Ile nguo yako ya kola nyeupe aliishona kwa mabaki ya kitambaa cha oda, akiwa amekaa kwenye ndoo. Alipokwenda kuongeza visa, afisa alimwambia neno moja tu, meiyou, hakuna, kama muuza viatu aliyeishiwa saizi. Akabaki bila karatasi. Kila asubuhi alitoka hapa akiwa amevaa vizuri kuliko sisi wote, kwa sababu alisema askari humshuku aliyechoka.

Watu wa aina yake ndio tuliokuwa tunawalinda kwa mnyororo wa bipu. Mnyororo uliuona ukifanya kazi. Anayeona askari kwanza anawabipu wawili, na hao wanawabipu wawili, simu inalia mara moja inakatwa, haina gharama. Bipu moja: usitoke ulipo. Bipu mbili: toka kwa mlango wa nyuma. Mnyororo huo haukubuniwa na daktari yeyote wa vitabu. Ulibuniwa na akina mama wa nguo za watoto, na ulikuwa unapita ghorofa nzima kabla askari hajamaliza kupanda ngazi.

Ila uliwahi kukosea. Unakumbuka siku ya soksi. Askari wawili waliingia jengo la nguo, mtu akabipu, watu wetu wote wakakimbia, wateja wakaachwa wameshika bidhaa, mizigo ya wiki nzima ikakosa kontena. Kumbe askari wale walikuja kununua soksi. Tulichekwa mpaka na Wakongo. Mzee Kileo alikasirika, kwa sababu kontena lilikuwa lake. Ndipo Laurenti akaleta hoja: kuanzia sasa, bipu isitoke mpaka wajumbe watatu wa Baraza la Juu wakubaliane kwamba ni kweli. Wajumbe tutakaa zamu nje ya majengo, maana sisi pasipoti zetu ni safi, hata tukiulizwa hatuna la kuogopa. Anayeona atampigia katibu, katibu atatafuta wengine wawili. Na kila mjumbe ataapa kwamba hatambipu ndugu yake kabla ya watu.

Nani aliunga mkono hoja? Mama yako, na miwani yake. Nilisimama nikasema ni haki, kwa sababu mwenye ndugu mjumbe asiwe na masikio mawili wakati mwenzake ana moja. Walinipigia makofi. Tukaapa kwa Biblia ya Mzee Kileo, mmoja mmoja, Laurenti wa kwanza.

Mnyororo wa akina mama tukaufanya ungoje wakubwa. Sikuliona hilo siku ile. Nimekaa na watu waliosoma nikadhani kila kitu kinachopitia kwao kinatoka kikiwa bora zaidi.

Siku yenyewe nilikuwa zamu. Nilikaa kwa yule mwanamke anayeuza chai ng'ambo ya mlango mkuu, pale wanapopita wabeba mizigo na mikokoteni wakipiga kelele watu wapishe. Nikaona vijana wamevaa kama wanunuzi, wanazunguka mlangoni. Mnunuzi, mwanangu, hushika kitambaa. Hata akiwa hana nia, hata akiwa anapita tu, mkono humwasha. Hawa mikono yao ilikuwa mifukoni. Halafu nikaliona basi dogo lenye mapazia limeegeshwa kwenye uchochoro.

Nikampigia Laurenti. "Katibu, wamefika."

"Una hakika, Mheshimiwa?"

"Wana mikono mifukoni."

"Hiyo siyo hoja."

"Na basi lao lina mapazia."

"Subiri hapo hapo. Nawatafuta wenzako. Bila watatu ni uvumi tu."

Nikasubiri. Sofia alikuwa ghorofa ya nne, anachukua magauni ya mteja wa Arusha. Jina lake lilikuwa la kwanza kwenye simu yangu, ningeweza kulibonyeza nikiwa nimefumba macho. Nililiangalia. Nikafikiria kiapo, nikafikiria akina mama wengine mle ndani ambao hawana dada nje. Nakuambia ukweli, nilijisikia mtu mwema sana. Nilinyoosha mgongo. Nilikumbuka wale wa Ayalandi na nyumba zao zinazoungua, nikaona nami leo nimo kati yao.

Ndipo Godi akatokea kwenye uchochoro wa nyuma. Godi, mdogo wake mke wa Laurenti, yule wa simu za mkononi. Naye visa yake ilikuwa imekwisha. Mabegi mawili, anatembea haraka lakini hakimbii, kama mtu aliyepewa muda wa kutosha. Akaniona, akaja mpaka mezani, kijana mwenye adabu zake.

"Shikamoo, Mama Anjela. Mbona umekaa tu? Shemeji ameshasema tutoke."

Sikuitikia hata shikamoo yake. Nilimbipu Sofia, nikawabipu wote, nikabipu mpaka kidole kikauma. Nikasimama nikavuka barabara. Ngazi ile ya umeme ilikuwa inawashusha tayari. Sofia alikuwa katikati ya vijana wawili, amevaa ile sketi ya bluu, amenyooka. Simu ilikuwa mkononi mwake, inawaka jina langu. Aliiangalia, kisha akaniangalia mimi niliyesimama nje na pasipoti yangu safi.  Wakampitisha karibu yangu kiasi kwamba nilisikia harufu ya mafuta yake ya nywele.

Walichukuliwa wengi siku ile. Hao wengine nao wana dada zao.

Sofia alirudishwa nyumbani na nguo alizovaa, na amepigwa marufuku kurudi. Nilipompigia Tanzania hakupokea. Nikatuma ujumbe, hakujibu. Nikasema hasira zitapoa, na hata hivyo mkutano unakuja, ukweli utasemwa, atausikia kwa watu.

Mkutano wa nyumba zote mbili ulifanyika chumba cha nyuma cha mgahawa. Wewe nilikuacha nyumbani. Laurenti akasimama, koti limemkaa vizuri siku hizi, akasoma taarifa kwa sauti ya upole. Akasema kumetokea ucheleweshaji. Akasema mjumbe aliyekuwa zamu hakutoa taarifa kwa wakati.

Nikafikiri anasema habari ya mtu mwingine. Naapa, niligeuka kuangalia nyuma yangu.

"Katibu, nilikupigia," nikasema.

"Mheshimiwa, mtandao ulikuwa unasumbua siku ile. Huenda ulidhani umepiga."

"Ulinijibu. Ukaniambia mikono mifukoni siyo hoja."

Watu wakacheka kidogo. Nikatoa simu yangu nikaonyesha: jina lake na saa yenyewe. Ikapita mkono kwa mkono mpaka kwa Mzee Kileo. Akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, akasema, "Simu hizi za Kichina, mama, saa zake haziaminiki." Hayo aliyasema mtu anayesafirisha makontena ya simu hizo hizo.

"Na Godi je?" nikauliza. "Nani alimtoa Godi?"

Godi alikuwa mle ndani. Akaangalia viatu vyake. Akasema aliondoka mapema kwa sababu ya tumbo.

Nikawaangalia wajumbe wenzangu wa Baraza la Juu. Hawa ndio waliokula kwangu kila Jumapili. Mmoja alilala kwenye godoro lako wiki nzima alipofukuzwa na mwenye nyumba wake. Kila mmoja alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake, kana kwamba katiba iko chini ya majani ya chai. Walijua, Anjela. Laurenti alikuwa hajamtafuta hata mmoja wao siku ile, na kila mmoja alijua kwamba hakutafutwa. Walitakiwa waseme hilo tu: mimi sikupigiwa. Jirani yangu akanigusa goti akaninong'oneza, "Kaa tu, Mama Anjela, mambo haya hupita." Halafu akanyoosha mkono kupiga kura nitolewe.

Wale wa Ayalandi walichomewa nyumba kwa sababu ya kiti. Sisi tulimchoma mwenzetu ili kiti kibaki.

Siku mbili tatu baadaye Laurenti alikuja na machungwa. Ulikuwa kwenye darasa lako la Kichina. Alikaa pale anapokaa siku zote. Hakukana kitu.

"Mama," akasema, "mke wangu angeniambia nini? Nilimpigia Godi kwanza, ndiyo. Nilikuwa nimeshika simu niwapigie wengine, nikaona muda umekwisha. Sasa watu wakijua katibu alivunja kiapo, chama kinakufa. Lazima mtu abebe. Wewe una mabega, watu wanakupenda, watakusamehe. Mimi hawatanisamehe."

Nilikuwa namenya chungwa. Nikamwuliza, "Na Sofia?"

"Sofia ameshaondoka," akasema, kwa huruma kabisa, kama mtu anayetaja marehemu.

Hapo ndipo nilipomwelewa. Alipomwacha Sofia akamatwe alikuwa na haraka na hofu, na mimi mwenyewe nimewahi kuwa na haraka na hofu. Lakini alipokuja na machungwa alikuwa ametulia. Alikuwa ameketi akafikiri nani abebeshwe, akapita majina yote, akafika kwangu, na sababu ya kunichagua ilikuwa kwamba nampenda. Mtu mwenye ugomvi naye angepiga kelele mpaka barabarani. Mimi alijua nitamenya chungwa.

Na nikalimenya. Baada ya hapo akaanza kukufundisha. Alijitolea mwenyewe, sikumwomba, na alifundisha vizuri. Sitaki umnyime haki hiyo. Nikamwacha. Sijui kama alikuwa anatubu au ananiziba mdomo, na nadhani yeye pia hajui. Nilikaa jikoni nikisikia sauti zenu mezani, wewe unacheka, yeye anakusahihisha, na mimi nachemsha maji ya chai yake. Kila mara nilijiambia nitasema akimaliza shahada, nitasema akishaondoka, nitasema ukishapata chuo. Kuchelewesha kulinikolea, naona. Ile kazi niliyovuliwa niliendelea kuifanya bure.

Amehitimu sasa, amerudi Dar. Kitabu chake aliniachia nakala moja, nimeisoma na kamusi. Ni kitabu kizuri. Mwanzoni kabisa, katika shukrani, kuna "mama mmoja wa Guangzhou kwa chakula", kati ya mtunza maktaba na mpiga chapa. Jibu langu lile, kwamba walikubali kwa sababu waliombwa, limo katika sura ya mwisho, amelivika Kiingereza kirefu na chini yake kuna jina la Laurenti.

Sikuandikii hivi ili umchukie. Kwako anaweza kuwa mwema miaka yote ya chuo. Mtu wa namna ile hakuumizi siku za kawaida. Anakuumiza siku nyumba yake inapotaka wa kubeba mzigo, na siku hiyo haangalii nani ana kosa, anaangalia nani yuko karibu na anampenda. Wewe utakuwa chumba cha pili. Ndiyo maana nimeona ujue, hata kama kwa kujua utapoteza chumba chenye dirisha kubwa na njia ya kwenda darasani kwa miguu. Sina chumba kingine cha kukupa Dar. Ada niliyonayo inafika chuoni haifiki kwa mwenye nyumba.

Leo jioni, ulipokwenda kuagana na wenzako, nilimpigia tena Sofia. Nilitumia simu ya mama mwenye nyumba, namba asiyoijua. Yuko Mbagala sasa, amepanga chumba kimoja, anashona sare za shule. Nilisikia cherehani kabla sijasikia sauti yake.

"Nani?"

"Mimi, dada yako."

Cherehani haikusimama. Nikaona bora nisianze na samahani, zangu amekataa nyingi. Nikasema, "Anjela anakuja kusoma. Anapokelewa na Laurenti, atakaa kwake."

Ikasimama. "Laurenti yupi?"

"Huyo huyo."

Nikamweleza yote, kama nilivyokueleza wewe, kiapo na chai na basi la mapazia. Hakunikatiza. Nilipofika kwa Godi akaniambia nirudie.

"Alikuambia 'mbona umekaa tu'?"

"Ndiyo."

"Na kweli ulikuwa umekaa."

"Nilikuwa nimekaa, Sofia."

Akaiweka simu pembeni. Nilisikia mtoto wa jirani analia, nikasikia mtu anamwuliza bei ya kubana suruali, naye akamjibu, mambo ya watu yanaendelea. Kisha akarudi kwenye simu.

"Ndege inatua saa ngapi?"

"Sofia, una chumba kimoja."

"Sijakuuliza vyumba. Nimekuuliza ndege."

Nikamwambia. Akanirudishia saa ile, kuhakikisha. Halafu akasema, "Mtoto nitampokea. Wewe bado." Akakata.

Basi ndivyo ilivyo, mwanangu. Ukitoka mlangoni utawakuta wawili. Mmoja ana gari na chumba kizuri. Mwingine atakuwa amekuja kwa mabasi, na Mbagala ni mbali na chuo. Utaamka na giza, utalala kwenye godoro moja naye, na utasoma huku cherehani inalia. Yeyote utakayeondoka naye, sitakuuliza. Ila ukitoka mlangoni anza na Sofia. Mwamkie kwanza, kwa sauti, Laurenti naye asikie unamwamkia nani.

Na Sofia usimpelekee salamu zangu. Atakuuliza kwa macho kama nimekupa neno, mwambie sikukupa. Hizo nitampelekea mwenyewe, kwa miguu yangu, akitaka kunifungulia au asitake.

Mama yako,
Sanyuanli